Nilimpeleka mama kuona filme ya Kihindi iliyotengenezwa upya hapa Lubumbashi, nikaelewa kwa nini watu wamezikimbia salle za cinema

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi.

Kiswahili changu ni cha huku Katanga. Nimejitahidi kukinyoosha ili tuelewane wote, lakini nikiteleza msinirukie. Mkija huku na nyinyi tutawacheka hivyo hivyo.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe na mama yangu mzazi, Jumapili mchana kweupe. Sijaongeza chumvi. Pale nisipojua nitasema sijui.

Kuna uzi humu nimeona watu wanabishana kwa nini majumba ya sinema yanakufa, na kwa nini hizi filme za nyimbo za zamani zikitengenezwa upya hazipati watu. Mmoja anasema simu, mwingine anasema uvivu, mwingine anasema vijana wa leo hawana subira. Nilitaka nichangie mstari mmoja tu, nikaona hautatosha. Ndiyo nimefungua uzi wangu.

Nianze na baba, maana bila yeye hamtaelewa kitu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika commune ya Kenya. (Hapana, si nchi. Ni mtaa wetu hapa Lubumbashi, unaitwa hivyo tangu zamani. Msianze.) Ukoo wake ulitoka Maniema, Waislamu. Mama ni Mkatoliki, watu wao walitoka kaskazini ya Katanga, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Jinsi hao wawili walivyokutana tuliambiwa tu kwamba ni "ku cinema", na sisi watoto hatukuuliza zaidi.

Kwa juma zima baba alishona. Jumapili alikuwa mfasiri wa salle.

Vijana wa sasa hamkuiona hii, nieleze. Filme zilikuja kwa Kihindi kitupu, hakuna maandishi chini, hakuna chochote. Nani huku kwetu alijua Kihindi? Kwa hiyo mwenye salle, Mhindi mmoja aliyekuwa anauza vitambaa, alikuwa anamwita baba Jumamosi na kumsimulia filme yote mwanzo mpaka mwisho. Kesho yake baba anasimama pembeni ya pazia la picha na fimbo mkononi, anatugeukia, anatuambia nani kasema nini.

Na alikuwa hatafsiri kikavu. Tajiri wa filme akawa bosi wa mine, yaani wa mgodi. Kaka mbaya akikimbia na mali, baba anasema eko anakimbilia Luano kupanda ndege. Watu wanacheka mpaka wanalia.

Wimbo ukianza, baba ananyamaza, anashusha fimbo. Hapo ni zamu ya watu. Salle nzima inaimba, kila wimbo una maneno yake ya Kiswahili ambayo watu wenyewe waliyatunga na hayahusiani kabisa na Kihindi kile.

Mimi ni kitinda mimba, nilikuta mambo haya yanaelekea kuisha. Lakini nakumbuka akina mama na watoto mgongoni, karanga, vitumbula vya moto, munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kikipitishwa mkono kwa mkono. Nakumbuka watu wanamkaripia adui wa filme kama yuko pale mbele yao. Nikifumba macho hata sasa naisikia ile kelele. Naitamani, wakuu, sitawaficha. Naitamani kuliko vitu vingi nilivyowahi kuwa navyo.

Sasa kulikuwa na filme moja iliyozidi zote. Ilikuja kabla mimi sijazaliwa na ilikuwa inarudishwa kila mwaka mpaka mkanda ukachoka. Jina lake la Kihindi silijui mpaka leo. Sisi tuliita Bibi Harusi wa Mutoni.

Msichana wa kijijini, kijana wa reli, ukoo unakataa, mnajua wenyewe mambo ya Wahindi. Mwishoni yule msichana anatembea peke yake kuelekea mtoni, amevaa nguo nyeupe kichwa mpaka miguu, anaimba. Hapo baba alikuwa anainua fimbo na kusema kwamba huyu sasa ni bibi harusi, ukoo umekubali, anaenda kumpokea bwana wake ng'ambo ya mto. Salle inasimama. Vigelegele, makofi, watu wanakumbatiana.

Ule wimbo ukawa wa harusi kwetu. Bibi harusi akitoka kanisani, mashangazi wanauimba. Hata mimi nimeolea wimbo huo, na mke wangu kwao ni Kambove, kumbe na huko wanaujua.

Salle ilifungwa. Leo ni kanisa la uamsho, wana ngoma na speaker kubwa kuliko za disko. Siwalaumu, angalau ndani bado mnaimbwa.

Baba alifariki mwaka jana.

Tangu siku ile mama alijifunga. Si kwamba analia. Afadhali angelia. Anaamka, anaenda misa, anarudi, anakaa. Ukimpa chakula anakula kwa kukuheshimu. Dada yangu alimpeleka kwake Likasi abadilishe hewa, juma halikuisha akataka arudishwe. Kaka yangu anayefanya kazi kwenye mine ya Kinsevere alimletea televisheni kubwa, akaifunika na kitambaa.

Tulianza kuogopa kwamba anamfuata baba polepole, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Halafu siku moja, hivi hivi, ananimenyea muhogo, akasema anataka kuiona tena ile filme ya mutoni. Basi. Ndicho kitu cha kwanza alichokiomba tangu msiba.

Wakuu, niliitafuta. Mtandaoni utatafutaje filme ambayo hujui jina lake? Nilikuwa naandika "mwanamke, nyeupe, mto, Kihindi" mpaka simu ikaniona mjinga.

Sasa siku moja napita mjini, kwenye ile salle mpya iliyofunguliwa kwenye étage, ghorofani, naona bango: mwanamke, nguo nyeupe, mto. Chini wameandika kwa Kifaransa kwamba ni ile kazi kubwa ya zamani, imefanywa upya. Nilisimama barabarani nacheka peke yangu.

Nilivyomwambia mama, aliinuka akafungua sanduku. Alichagua kikwembe, yaani kitenge, akakirudisha, akachagua kingine. Akaniuliza kama kitambaa cha kichwa kinaenda na viatu. Mke wangu alitoka nje kulia ili mama asimuone. Mimi nilikuwa na ombi moja tu: aione ile harusi, arudi kwetu.

Tumefika mlangoni, mlinzi anafungua mkoba wa mama. Ametoa karanga. Ametoa vitumbula. Vyakula vya nje marufuku. Mama akamuuliza kwa upole, sasa filme tutaikula na nini? Kijana akamuonyesha pop-corn. Mama akaziangalia pop-corn kama mtu anayeonyeshwa mkwe asiyemtaka.

Ndani ni pazuri, nisiseme uongo. Baridi ya mashine, viti vya kulala. Watu sasa. Vijana wawili, mtu na mchumba wake, nyuma kabisa na simu zao. Mbele yetu mzee na mke wake, wamevaa kama wa misa. Na sisi. Basi. Mfanyakazi aliyetuonyesha viti alisema kwamba Jumapili zote ziko hivyo, bosi wake amejaribu filme za vita, za watoto, za nyimbo, watu hawapandi ngazi.

Filme ikaanza. Picha ni kali, unaona mpaka jasho. Lakini nyimbo, wakuu! Wimbo unaanza, kabla hujaudaka umeshapita. Wacheza ngoma kama jeshi zima. Tarumbeta za zamani wameondoa, wameweka vitu vya kompyuta. Yule mama mzee wa mbele alijaribu kuimba maneno yetu, akaachwa nyuma, akajaribu tena. Mfanyakazi akaja na tochi akamuomba anyamaze kwa ajili ya wateja wengine. Wateja gani?

Tukakaa kimya wote kama tunasubiri daktari. Mama aliweka mikono juu ya mapaja.

(Naona hapo chini mtu ameshauliza kama filme yenyewe ilikuwa mbaya. Ndugu, haikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya tungecheka.)

Tatizo lingine ni maandishi ya Kifaransa chini. Mimi nilikuwa nasoma, na kadiri ninavyosoma naona mambo hayalingani. Bosi wa mine hayupo. Ukoo haukubali. Nikajiambia wamebadilisha, si ndiyo mtindo wao, kitu cha watu wanakitia mkono.

Halafu mwisho ukafika. Mto. Mwanamke, nyeupe kichwa mpaka miguu. Na hapa, sijui ni kwa nini, wameacha wimbo kama ulivyokuwa zamani, sauti moja tu na filimbi. Mama mzee wa mbele akaanza kupiga makofi taratibu, ya harusi.

Mimi nikasoma chini. Anamwambia bwana wake: leo wamekuchoma moto, na mimi wamenivika nyeupe.

Kwa Wahindi maiti huchomwa, na nyeupe ile si ya harusi. Ni nguo ya mjane.

Nikamfikiria mama hapa pembeni yangu, mjane, ambaye mimi mwenyewe nimemtoa nyumbani kwa mikono yangu nimlete kwenye hiki. Nilitamani umeme ukatike. Siku ninayoutaka ukatike, haukukatika.

Ndipo mama akaniinamia kwenye giza.

"Uyu mwanamuke anaenda wapi?"

Sikufikiri. Nilisema tu.

"Anaenda kuolewa, mama. Bwana yake eko anamungoja ng'ambo."

"Aya," akasema. Akanishika mkono, akaushikilia mpaka taa zikawaka.

Taa kuwaka, yule mzee wa mbele kasimama, hasira mpaka kofia imekaa upande. Na yeye alikuwa amesoma. Anamuuliza mfanyakazi ni nani aliwapa ruhusa ya kumuua bwana wa watu, yeye na mke wake walioana na wimbo ule, katika filme yao hakufa mtu. Mfanyakazi naye, maskini, anajaribu kumueleza kwamba ameiona ya zamani pia kwenye kompyuta, mwisho ni huu huu. Mzee hataki kusikia. Anasema wameiharibu na hata ya zamani wameenda kuiharibu huko kwenye kompyuta.

Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Maana nilijua kosa ni la nani. Ni la baba yangu. Aliona nyeupe, akafikiri harusi, kama ambavyo yeyote huku kwetu angefikiri, na mji mzima ukamfuata. Tumeoana na wimbo wa msiba miaka yote hii.

Nilimuonea huruma baba, nikamuonea na aibu kidogo.

Tulishuka, tukakaa kwenye ukuta mfupi nje tukisubiri taxi. Jua bado kali. Mama akanyoosha kikwembe chake magotini, akasema kwamba masista walimfundisha Kifaransa vizuri, na macho yake ya mbali hayana shida. Alikuwa amesoma yote.

Nikajikuta naanza kumtetea baba.

"Mama, baba hakujua kama ile nguo iko ya kilio."

"Alijua," akasema.

Sasa haya yanayofuata aliniambia yeye, pale ukutani, na mimi nayaandika kama alivyosema.

Kabla ya baba, mama aliolewa. Hatukuwahi kuambiwa, si mimi, si dada, si kaka. Bwana wake alikuwa kijana wa mine ya Kambove, akafia huko chini, hawakukaa pamoja hata mwaka mmoja. Mama alinyolewa nywele, akakaa kilio kama desturi ilivyotaka. Alipotolewa kilio, dada yake mkubwa akamburuta Jumapili kwenda salle, aone watu.

Ndiyo filme hiyo ilikuwa inaonyeshwa kwa mara ya kwanza. Na Jumapili ile ya kwanza baba alifasiri kama alivyoambiwa na Mhindi. Ulipofika mto, alisema kweli: bwana amekufa, na nyeupe ile kwao ni nguo ya mjane.

Mama, nywele bado hazijaota chini ya kitambaa, alisimama akatoka. Alipita katikati ya watu wote wenye kulia, akaenda kukaa nyuma ya salle kwenye mchanga.

Nikamuuliza, sasa baba alijuaje, watu wote wale, na giza. Hapo akaniangalia kama vile mimi ndiye mtoto mgumu darasani.

"Salle muzima bantu balikuwa banaangalia filme," akasema. "Yee peke yake njo alikuwa anatuangalia shiye." Yaani baba peke yake ndiye aliyekuwa anawaangalia watu.

Jumapili iliyofuata dada yake alimburuta tena. Alikwenda akiwa amepanga kutoka kabla ya mto. Lakini alibanwa katikati ya benchi, hakuwahi. Wimbo ukaanza, baba akainua fimbo, akasema huyu ni bibi harusi.

Waliokuwepo Jumapili ya kwanza walipiga kelele, fundi unatudanganya, juma lililopita ulisema amefiwa. Baba akawajibu kwamba juma lililopita alielezwa vibaya. Mhindi alikuwa nyuma kabisa, alisikia yote, akanyamaza. Na watu, wakuu, watu wenyewe waliipenda zaidi hivyo. Baada ya Jumapili chache hakuna aliyetaka kukumbuka ile nyingine.

Mama hakutoka. Alikaa mpaka mwisho. Akaanza kwenda kila Jumapili bila kuburutwa.

Nikamuuliza kama baba aliwahi kumwambia kwamba alifanya hivyo kwa ajili yake. Akasema hata siku moja. Hata walipooana, hata walipozeeka. Na yeye hakuwahi kumuuliza. Walikuwa wanausikia ule wimbo kwenye harusi za watu na wanaangalia upande mwingine wote wawili.

Taxi ilikuja, ikapita, hatukuisimamisha.

Nilikuwa bado na swali moja. Kama alikuwa anajua, na alikuwa anasoma mwenyewe, kwa nini aliniuliza mule ndani yule mwanamke anaenda wapi?

Alikuwa anamwangalia yule mzee na mke wake wakishuka ngazi wameshikana, mzee bado analalamika.

"Filme niliijua," akasema. "Nilikuwa nataka kusikia kama kungali muntu wa kunidanganya vile."

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina watoto. Nililia pale ukutani, barabarani, watu wanapita. Mama ndiye alinifuta uso kwa kikwembe.

Siwezi kuwaambia kwamba sasa amepona. Bado ananyamaza siku nyingine. Lakini alipofika nyumbani aliomba chakula mwenyewe, na juzi nimemkuta anamsimulia mke wangu habari za yule kijana wa Kambove, jina lake, urefu wake, jinsi alivyokuwa hawezi kucheza ngoma.

Nimalizie na nilichojifunza, maana uzi umekuwa mrefu.

Si simu iliyotutoa kwenye salle. Simu nayo ni upweke tu, mdogo zaidi na wa bei ya chini. Wanatengeneza filme upya, picha zinakuwa kali, viti vinakuwa laini, wanafikiri tulikuwa tunaifuata filme. Hatukuifuata filme. Nusu ya filme hatukuielewa! Tulikwenda mahali ambapo unaruhusiwa kuimba, unaruhusiwa kukosea, na kuna mtu amesimama pale mbele ameipa filme mgongo na anakuangalia wewe. Akiona umeumia, anaibadilisha.

Hilo hawawezi kulitengeneza upya, hata wakileta kamera za namna gani.

Wataalamu wa mambo ya filme mnikosoe, sina neno. Wanaojua jina la kweli la filme ile, naomba msiniandikie. Tuacheni na ya kwetu.

Lakini kwa wale ambao salle yenu ilikuwa na mfasiri, iwe Kigoma, Bujumbura, Goma, Mombasa au popote, wekeni hapa chini jina lake na mahali alipokuwa anasimama, hata kama mnalijua la utani tu. Hawa watu hakuna aliyewaandika.

Naanza mimi. Fundi Shabani, commune ya Kenya, Lubumbashi, upande wa kushoto wa pazia. Ni baba yangu, na namkumbuka sana.